Wafu Wako Wamelala Wapi?

"Basi tuchimbe," alisema Yekosofati.

Hilo Hadijah hakulitegemea. Asubuhi nzima pale Busiu, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, Mama Annah, jirani yake huyu, aliyetaka kumnyang'anya shamba, alikuwa ameng'ang'ania neno moja tu: butaka.

"Nyinyi Wanubi mna butaka gani hapa? Babu zenu waliletwa na Mwingereza kutoka Sudani. Butaka si mahali unapopanda mahindi. Butaka ni pale wafu wako walipolala. Wako wamelala wapi?"

Shamba hilo baba yake, Bakhit, alipewa na baba yake Yekosofati mwenyewe, kwa mdomo tu, urafiki wa wazee. Shahidi alikuwa amebaki mmoja: Mukama, mdogo wake Yekosofati, yule aliyetembelea mguu wa bandia wa chuma. Naye Mukama, kwa maneno ya kaka yake, alikwenda Juba kushona nguo, msimu ule ule Hadijah alipokuwa Walukuba, kule Jinja, akimuuguza shangazi yake, na Yekosofati akimwangalizia shamba. Tangu hapo, kimya.

Basi mama wa watu akadanganya. "Baba yangu amezikwa hapa hapa shambani," akasema, hali akijua fika kwamba Bakhit yuko makaburi ya Waislamu Jinja. Alidhani maneno yataishia hapo. Nani atathubutu kufukua maiti? Yekosofati akathubutu.

"Tuonyeshe," alisema Mama Annah. "Nikiona mfupa, shamba ni lako. Nisipouona, ufungashe leo leo."

Yote aliyokuwa nayo Hadijah duniani yalikuwa ndani ya ua ule. Akaingia kwenye migomba, watu nyuma yake, akitafuta popote panapofanana na kaburi. Nyuma ya choo cha zamani, chini ya mfenesi, ardhi ilikuwa imebonyea kidogo, urefu wa mtu.

"Hapa," akasema. Sauti yake mwenyewe hakuitambua.

Wanaume wawili wakashika majembe.

"Ngojeni," alisema Yekosofati. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Basi, Mama Annah. Wafu tuwaheshimu. Mimi nimeridhika, shamba achukue."

Alhamdulillahi, akasema Hadijah moyoni. Kumbe hata huyu ana utu.

"Aa-aa," alisema Mama Annah. "Umetuimbia butaka tangu asubuhi, sasa ndio unaona haya? Tunachimba. Sitaki kesho mtu anirudie na maneno mengine."

Hadijah akafumba macho. Udongo ulikuwa laini, majembe yakazama bila taabu. Akaanza kufikiria abebe mkeka gani, na kuku amwachie nani. Uongo wake ukimuumbua mbele ya kijiji kizima, atainua vipi uso tena?

Jembe likagonga chuma.

Mchimbaji akainama, akapangusa udongo kwa kiganja. Ulikuwa mguu, na kiatu chake bado kimefungwa kamba.

Mama Annah akautazama, kisha akamgeukia Yekosofati.

"Umeshinda, bwana," akasema polepole. "Ni butaka yenu kweli."