Korongo Mwenye Mwiba wa Jogoo

"Huruhusiwi kuliona," alisema Bi Mapplebeck, msimamizi wa kituo, kiganja chake kimelifunika lile bizimu la kifuani pale mezani. "Lieleze tu. Ukikosea, hakuna mara ya pili."

Enoch Tranter alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kule uani masanduku madogo yalikuwa yanapakiwa garini, kila moja limeandikwa neno moja kwa chaki: Kanada. Saa sita gari linaondoka, na meli haimngoji mtu.

Sanduku moja lilikuwa la Lavinia, binti yake, ambaye hajawahi hata kumtia machoni.

Kituo kile cha yatima kilikuwa na sheria zake. Anayeacha mtoto huacha na kitu, na anayekuja kumdai mtoto akieleze kitu hicho bila kukiona. Jina la baba asiye na ndoa hawaliandiki. Sasa Enoch na Keziah ndoa yao walikuwa wanaisogeza tu, Pasaka hii, Pasaka ijayo, mpaka mapafu yakamlaza Enoch hospitali ya mbali miaka miwili na ushei. Alipotoka, Keziah alikuwa kaburini, mtoto yuko hapa.

"Bwana Tranter, nasubiri."

"Ni la fedha. Umbo kama yai la bata. Nyuma lina mihuri: nanga yetu ya Birmingham, simba, na herufi ya mwaka."

"Kila bizimu la mji huu lina nanga na simba. Hata mimi ninalo."

"Ni la Kijapani."

"Na hilo pia ninalo, bwana."

Alisema kweli. Miaka ile kila mwanamke wa Birmingham, kuanzia mke wa meya mpaka muuza samaki, alitaka Japani kifuani, na mafundi waliowatengenezea hawakuwahi kumwona Mjapani hata mmoja. Enoch mwenyewe, miaka ishirini mchonga kalibu za chuma za kugongea mapambo, korongo wake alimnakili kutoka kwenye kopo la chai. Miezi minne alikiinamia kile kipande cha chuma, akikichimba kwa patasi nyembamba kama sindano, mpaka kikawa tayari kuigonga fedha kama muhuri unavyogonga karatasi. Akagonga bizimu moja tu, la Keziah, kisha kalibu akaivunja, lisipatikane la pili. Fedha yenyewe aliiona jioni moja, na asubuhi yake akalazwa.

Jioni ile Keziah alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Enoch wangu, korongo gani huyu ana mwiba wa jogoo mguuni? Halafu hebu jitazame, fulana umeivaa nje ndani. Wewe hata kanisani utaingia kinyumenyume!"

Enoch alifumba macho, akaacha vidole vichore hewani.

"Kuna upepeo wa kukunja, umefunguka nusu, upande wa kushoto. Juu yake tawi la mwanzi, majani matatu ya dhahabu nyekundu. Mwezi uko kulia, dhahabu ya njano, wingu limeukata kidogo. Chini korongo, kasimama mguu mmoja, anautazama mwezi. Na ana mwiba. Kama wa jogoo."

Bi Mapplebeck alilichungulia bizimu chini ya kiganja.

"Korongo anatazama kulia? Una uhakika?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

"Na upepeo uko kushoto."

"Kushoto, bibi."

Bi Mapplebeck alishusha pumzi. "Jumatatu alikuja baba wa kambo wa Keziah, yule mwenye karakana ya misumari. Alieleza kila kitu bila kosa hata moja. Hata ule mwiba."

Enoch alimjua. Mzee yule alikuwa akiliona bizimu kifuani mwa Keziah kila Jumapili. Na kwenye karakana yake, mtoto akitimiza miaka mitano tu anapewa nyundo.

"Umempa?"

"Aliondoka mikono mitupu."

"Bibi, kama aliyepatia amenyimwa, mimi mnataka niseme nini?"

Bi Mapplebeck aliinua kiganja.

Upepeo ulikuwa kulia. Mwezi ulikuwa kushoto. Korongo, na mwiba wake wa kuchekesha, alikuwa anatazama kushoto.

Enoch aliitazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. "Ngoja... hapana, ngoja. Mimi ndiye niliye..." Tapeli gani asingesema hivyohivyo? Kule uani farasi walipiga kwato, na sauti ikaita, "Haya, tunafunga turubai!"

Akapiga magoti. "Nirudie tena, bibi. Mara moja tu. Sina mwingine duniani."

"Nilikwambia. Hakuna mara ya pili."

Aliinuka, akamzunguka pale sakafuni, akafungua mlango. Enoch aliinamisha kichwa, akingoja mkono wa bawabu begani.

"Gladwin!" Bi Mapplebeck alimwita bawabu kule uani. "Shusha sanduku la Lavinia! Na mtoto mvalishe koti, nje kuna baridi."

Akarudi mezani, akavuta kikaratasi kilichokunjwa chini ya bizimu. "Mwaka mzima nakisoma hiki," alisema, "na mwaka mzima sikielewi."

Mwandiko ulikuwa wa Keziah, mstari mmoja tu: *Mpeni yule atakayelieleza kinyumenyume.* Enoch aliigusa fedha: kila alichochonga kulia kwenye kalibu kilikuwa kimetokea kushoto.