Masizi Kwenye Ndevu za Akundyo

Asubuhi ya baraza, Akundyo alikwangua masizi chini ya chungu akajipaka ndevu zote zenye mvi. Mkewe, Yapilu, alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mzee, hata mbuzi watakutambua."

Acheke tu. Hogon, kuhani wa Amma Muumba, alikuwa amefariki, na kiti chake humwangukia mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wote kijijini. Ni heshima, nani abishe? Hogon hulimiwa, hutekewa maji, huletewa uji wa mtama mpaka mlangoni. Lakini hashiki jembe tena, na hakuna mwenye ruhusa ya kumgusa, hata mkewe. Akundyo, na uzee wake wote, hakuwa na raha kama ile ya jioni, Yapilu akimchua goti bovu kwa mafuta ya shea, huku wakiwasengenya majirani.

Wazee wa kufikiriwa walibaki wawili tu: yeye na shemeji yake Ambara. Aliyejua nani alitangulia kuzaliwa ni mmoja, Yapilu mwenyewe, dada mkubwa wa Ambara, aliyewaona wote wawili wakibebwa mgongoni. Usiku uliopita Akundyo alikuwa amelala usingizi mnono. Mke gani atamtoa mumewe?

Ili kijiji kizima kione ujana wake, alibeba vibuyu viwili vya maji akateremka kwa njia ya mwamba mkali kumwagilia vitunguu. Njia ile ilikuwa imekwisha kumwangusha mara mbili mwaka huo. Yapilu alimsihi awaachie wanawe, kama alivyomsihi kila siku, naye akamjibu kama kila siku.

"Nitaacha siku Amma mwenyewe akinikataza."

Alirudi anachechemea. Yapilu akamchua goti kwa mafuta, kisha wakaenda barazani.

Chini ya paa fupi la baraza, lisiloruhusu mtu kusimama, Ambara alikuwa keshafika. Kanyoa kidevu chote, kinang'aa kama kibuyu.

"Shikamoo, kaka," Ambara akamuwahi Akundyo.

"Shikamoo wewe, babu."

Wazee wakacheka, wakamwita Yapilu. Wanawake hawaingii barazani, kwa hiyo alisimama nje juani. Akundyo akamkonyeza. Yapilu akanyoosha mkono kuelekea madhabahu ya Amma, akaapa kusema kweli.

"Mkubwa ni Akundyo."

Akundyo aliruka kwa hasira. Paa likamgonga utosi, likamrudisha chini kitako, jasho na masizi vikimchuruzika shingoni.

"Yapilu! Leo umeniuza kwa ajili ya ndugu yako?"

Yapilu hakumtazama usoni. Alilitazama goti.

"Si ulisema utaacha siku Amma mwenyewe akikukataza?"

Kisha akaanza kujifuta viganja kwenye nguo, polepole, maana vilikuwa vingali na mafuta ya shea.