Mkanyaga Ndizi wa Bugomora

"Kanyaga kike kidogo!" Protase alifoka nyuma ya kamera ya video. "Kaka Byarugaba, mbona unakanyaga kidume hivyo?"

Byarugaba alikuwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia, ndizi mbivu na nyasi zimemfika vifundoni. Bugomora mwanamke hakanyagi ndizi za pombe, ni mwiko. Ndiyo maana Protase, mpiga picha za harusi kutoka Nkwenda, hakupata dada hata mmoja wa kuigiza filamu yake ya kwanza: mwanamke anaishi kama mwanamume, anakanyaga ndizi, hadi kijiji kinamgundua na kumuua kwa fimbo. Ikabidi ambembeleze bingwa mwenyewe wa kazi.

Bingwa alikubali kwa sharti moja tu: mtu huyo asife.

"Asife? Sasa watu watalia nini?"

"Si lazima walie, bwana! Wakimwona anauawa huku umati unashangilia, kesho watamtafuta wa kweli."

Hakuwa anatania. Vijana wanane wa kuigiza umati walishakata fimbo, wanabishana nani apige wa kwanza.

Protase akajikuna kichwa. "Haya, nishawishi basi. Mtu kama huyo anaogopa nini hasa? Fimbo?"

"Malaria. Ukizidiwa, watu watakubeba zahanati, watakuvua shati."

"Loo! Hilo umelitoa wapi?"

"Nimewaza tu."

Protase akalidaka, akaliandika upesi kwenye daftari, kisha akachana ukurasa wa mazishi. Ataishi! Byarugaba alifurahi nusura ateleze mtumbwini.

Ila kukanyaga kwenyewe kulirudiwa mara sita, na mara sita Protase alishika kiuno.

"Usinichukie, kaka. Maneno unayo, lakini huo mwendo, hiyo mikono, hapana. Nitamchukua Aristides, yule mwembamba muuza vitenge."

Vijana wakamgonga Byarugaba mgongoni. "Dume la kweli hili!"

Nyumbani mkewe, Deodatha, alikuwa anamenya ndizi za jioni.

"Vipi, wamekuchukua?"

"Wamenikataa. Eti hakuna atakayeamini kwamba nilizaliwa mwanamke."

Deodatha akachungulia nje, akarudishia mlango, ndipo akaangua kicheko mpaka kisu kikamponyoka.

"Wangemuuliza padri aliyekubatiza jina la Immaculata!"