Mkeka wa Mpira

Jumanne, tarehe 17 Juni 2025. Dodoma iliamka na baridi kavu ya kipupwe, na upepo ulikuwa ukisukuma vumbi jekundu hadi mlangoni mwa kanisa. Misa ya asubuhi ilikwisha, mlinzi alikwisha kufunga madirisha, lakini Batholomeo Chilongani alikuwa bado amepiga magoti.

"Bwana, leo nitasema," alinong'ona.

Jana pia alisema hivyo. Na juzi.

Nje, mkewe Anjelina alimngoja na tai mkononi. Alimfunga yeye mwenyewe, kama anavyofungwa mtoto siku ya kipaimara.

"Simama wima, baba Evarista. Leo watu watakutazama wewe."

"Ndicho ninachokiogopa."

"Uogope nini, wewe mtu wa Mungu?" Akacheka, akampangusa vumbi begani.

Batholomeo hakucheka. Miaka mingi ya ujana wake alikagua meli za mizigo bandarini Dar es Salaam, kabla ofisi haijahamia Mtumba, huku Dodoma. Bahari ilibaki kulekule, mafaili yakapanda basi. Kanuni za mitambo na umeme wa melini alizijua kama Salamu Maria, na vijana aliwafundisha hii kwanza: mbele ya swichibodi, lile kabati la swichi za umeme, lazima utandikwe mkeka wa mpira usiopitisha umeme, tena usio na ufa.

"Meli ni chuma mpaka sakafuni," alikuwa akiwaambia. "Ukigusa umeme umesimama juu ya chuma, waya ni wewe."

Octavian, mtoto wake wa ubatizo, alikuwa mmoja wa vijana hao, na baadaye akawa mkaguzi. Jumatano ya Majivu alimpigia simu kutoka chumba cha mitambo cha meli moja ya mizigo. Mkeka wa swichibodi umepasuka, alisema, na nahodha anataka kung'oa nanga jioni ileile. Afanyeje?

Batholomeo alikuwa kanisani, kwenye mstari wa kupakwa majivu, simu ameificha kiganjani.

"Andika imepita," alinong'ona. "Mkeka watabadilisha huko mbele ya safari. Niache, nakaribia kwa padri."

Mkeka haukubadilishwa. Fundi umeme wa meli hiyo, Yotham, kijana wa kutoka Mtera, aliukanyaga ukiwa umelowa maji, akafungua swichibodi. Alizikwa kabla ya Pasaka.

Saini kwenye cheti ilikuwa ya Octavian. Ile sauti ya kwenye simu hakuna aliyeijua, ila wao wawili na Mungu.

Uchunguzi wa kifo hicho ulikuwa unaanza asubuhi hii, katika ukumbi wa kukodi, njia ya Chimwaga. Batholomeo alimkuta Octavian uani, koti limempwaya kama la kuazima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Uji tu, nao umegoma kushuka." Octavian akatazama huku na huku. "Baba, wakiniuliza nani aliniambia niandike?"

"Sema ukweli."

"Ukweli upi? Wangu, au wetu?"

Batholomeo alifumbua mdomo, vumbi likamwingia, akakohoa.

"Pole, baba," Octavian alisema. "Usihangaike. Siku ya ubatizo ni wewe uliyenisimamia. Baba akisema andika, mtoto anaandika. Na baba akinyamaza, mtoto anafungwa."

"Hutafungwa. Leo nitasema mwenyewe."

"Utasema saa ngapi, baba? Watu ndio hao wanaingia."

Kibarazani alikaa Yudith, mjane wa Yotham, amepakata buti za kazi za mumewe. Soli ya kulia ilikuwa na tundu dogo, kingo zake zimeungua: hapo ndipo umeme ulipomtoka kuingia sakafuni. Alipomwona Batholomeo aliinuka, akainama kwa heshima.

"Shikamoo, baba. Ndiye wewe wanayekusema?"

"Marahaba, mama. Ndiye mimi."

"Nimeambiwa wewe ni mtu wa sala. Sisi wakili hatuna. Tunamtegemea Mungu, na wewe."

Alitamani kupiga magoti palepale, juu ya saruji, mbele ya zile buti.

"Mama," alianza, "siku ile mumeo..."

"Mzee, shikamoo!" Karani wa ukumbi, binti aliyeitwa Naima, alitokea mbiombio huku akirekebisha ushungi wake. "Karibu ndani. Tunakusubiri wewe tu, bila wewe hatuanzi."

Mlangoni palitandikwa mkeka wa mpira, mweusi, mpya kabisa. Batholomeo hakuukanyaga. Aliuruka kwa hatua ndefu, Naima akamshangaa.

Ndani, watu walijaa mpaka ukutani. Mbele kulikuwa na meza ndefu yenye Biblia na Kurani, na mkabala wake kiti kimoja cha plastiki, kimewekwa peke yake kwa ajili ya mashahidi.

"Wote tusimame," Naima alitangaza.

Octavian alisimama. Yudith alisimama, buti kifuani. Batholomeo alitembea katikati yao hadi kwenye kile kiti, akakishika mgongo.

*Bwana, sasa,* alisema moyoni.

Kisha akakiachia kiti, akaizunguka meza ndefu, akasimama nyuma yake katikati, akainua Biblia.

"Mimi, Batholomeo Chilongani, mwenyekiti wa tume hii," alisema, na sauti yake ikafika hadi kwa Yudith, "naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote kwamba nitamtafuta aliyesababisha kifo cha Yotham, wala sitamficha."