Alichosema Mpishi

"Simamisha hapo!" Toussaint alisema.

Picha ikasimama. Kwenye televisheni, mpishi mwenye mguu mbovu alikuwa amenyoosha mkono kuelekea mlimani. Mbele yake kulikuwa na majambazi watatu juu ya farasi.

"Munaona?" Thaddée akapiga paja. "Mukono ule! Iko anawaonyesha njia. Muuzaji ni Muuzaji tu!"

Watu wakacheka. Toussaint alibaki amesimama katikati ya ukumbi wa video wa Thaddée, hapo Kalundu, kama mtu anayengoja kupigwa.

Filamu hiyo ya wachunga ng'ombe wa Amerika waliiona mara ya kwanza wakiwa vijana, kwa kaseti, katika ukumbi huohuo. Wakati ule mfasiri alikuwa Asani. Alisimama kando ya televisheni akigeuza maneno ya filamu kuwa Kiswahili cha Uvira. Alipofika hapo kwenye mkono, alitangaza kwamba mpishi amemuuza rafiki yake, staringi mwenyewe, kwa majambazi. Toussaint alikuwa anachechemea tangu utotoni, kama mpishi yule. Filamu haijaisha, tayari amepata jina: Muuzaji.

Alilibeba jina hilo nusu ya maisha yake. Ziwani, sokoni, hata siku ya ndoa yake. Halafu wiki iliyopita Thaddée akamwita hivyo mbele ya kizuizi cha vijana wenye silaha.

"Anauza nini?" mkubwa wao aliuliza.

"Anauza watu!" Thaddée alijibu, akicheka.

Vijana hawakucheka. Vita ilikuwa imekaribia, na kila mtu alikuwa anatafuta nani anawaonyesha adui njia. Walimkalisha Toussaint juani mpaka jioni. Walipomwachia walimwambia wataulizia habari zake mtaani, na wakisikia tena ni muuza watu, hatakaa juani. Atakaa chini ya udongo.

Toussaint hakukimbia. Alivuka mpaka wa nchi pale Kavimvira, akaenda Bujumbura, akazunguka kwa wauza filamu mpaka mmoja akampatia ile filamu kwenye flashi. Akawaita wote walioiona zamani. Akamleta binti yake Naomie, aliyesoma Kampala na sasa anafundisha Kiingereza. Hata yule mkubwa wa kizuizi, Toussaint alimwalika mwenyewe. Sasa huyo alikuwa pale mlangoni, bunduki begani.

"Leo mupishi atajisemea," Toussaint alisema. "Kama alimuuza mwenzake, muniite Muuzaji mpaka kaburini. Na ule kule mulangoni afanye anachotaka."

"Papa Naomie, tuliza roho," Asani alisema. Alikuwa mzee sasa, hata televisheni aliitazama kwa kukunja macho. "Ni filamu tu."

"Filamu yako, Muzee Asani, imenikalisha juani."

Ubishi ukawaka.

"Kama mupishi hakusema, majambazi walijuaje staringi iko wapi?"

"Waliona moshi!"

"Moshi gani? Alikuwa anakula mukate mukavu!"

"Na kahawa je? Weye unapika kahawa bila moto?"

"Munyamaze!" Naomie alisema. Alivuta kiti chake mpaka karibu kabisa na televisheni. "Rudisha nyuma."

Mpishi akasema maneno yake upesiupesi, sauti ikitetemeka. Jambazi akacheka. Mkono ukanyooka.

"Tena," alisema Naomie.

Wakarudisha. Alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole mdomoni.

"Kiingereza gani hiki cha mbio?" Thaddée aliuliza.

"Ni cha mbio kwa weye uliyekimbia shule, Papa Thaddée."

Safari hii watu wakamcheka Thaddée. Naomie akasimama. Hakumtazama baba yake. Alimtazama mwenye bunduki.

"Jambazi anauliza: rafiki yako iko wapi? Mupishi anajibu: kule mulimani kuna kaburi la mama yangu. Munipeleke kule, munizike pamoja naye. Maana rafiki yangu minye simuuzi."

"Kaburi?" Thaddée aliuliza, taratibu.

"Ndiyo. Ndilo analowaonyesha."

"Sasa jambazi anacheka nini?"

"Weye una farasi na bunduki, halafu kiwete anakuambia hakuogopi. Utafanya nini?"

Asani akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Ni ya kweli," alisema. "Siku ile jenereta ilipiga kelele sana. Sikusikia muzuri."

Mwenye bunduki akamtazama mpishi kwenye televisheni. Halafu akahamisha bunduki kwenye bega lingine.

"Ule mupishi ni mwanaume," alisema, akatoka.

Thaddée akanyoosha mkono. "Toussaint," alisema. Neno lilimtoka kwa shida, kama jina la mgeni. Toussaint aliutazama ule mkono, akauacha hewani kidogo ndipo akaushika.

Baba na binti wakarudi nyumbani kwa njia ya ziwani. Toussaint alitembea katikati ya barabara, kifua mbele, akichechemea bila kujificha. Pikipiki zilipiga honi, zikamkwepa.

"Unifundishe yale maneno ya mupishi kwa Kiingereza chenyewe," alisema. "Kesho napita tena kwenye kizuizi. Nataka niwaambie vilevile alivyosema."

Naomie akageuka nyuma. Hapakuwa na mtu karibu.

"Kiingereza nitakutungia, papa," alisema. "Mule mu filamu hakuna hata neno moja la Kiingereza. Ile luga minye siijui."