Hereni Namba Kumi na Saba

Hereni ya manjano ilikataa kuingia. Verlyn Kubiak alikishikilia kichwa cha kulungu juu ya meza ya bandani, akalivuta sikio lililokakamaa kwa baridi, akabana koleo kwa nguvu zake zote. Mara ya tatu ikapenya. Namba kumi na saba. Nje theluji ya kwanza ilikuwa ikianguka, naye alikuwa anajifuta jasho.

Jike namba kumi na saba alikufa alfajiri hiyo, mbavu zikihesabika, udenda ukimtoka. Kwa mfugaji wa kulungu wa jimbo la Wisconsin, Marekani, kifo cha namna hiyo hakina mjadala: kichwa kinapelekwa kupimwa. Kikikutwa na ugonjwa wa kukondesha, ule unaokula ubongo wa kulungu na kuambukizana, kundi zima linauawa. Verlyn alikuwa na kulungu arobaini na mmoja, na hakujua kazi nyingine.

Na alikuwa na la kujibu. Tangu Septemba alimwona jike yule akipukutika, akanyamaza. Kila jioni kulungu wa porini walikuja kunusana naye kwenye wavu, pua kwa pua, kisha wakarudi msituni ambako wilaya nzima inawinda. Verlyn aliwatazama kupitia dirishani, kikombe cha kahawa mkononi, akajiambia kesho atapiga simu. Kesho hiyo haikufika.

Siku moja kabla ya kifo hicho, shemeji yake Delbert Pfaff alikuwa ameangusha jike mnene katika msitu huohuo. Walimchuna pamoja kama kila mwaka, kisha Delbert akamkabidhi kichwa ndani ya mfuko mweusi.

"Shemeji, kesho ukienda mjini kitumbukize kwenye lile pipa la vichwa vya kupimwa, pale kituo cha mafuta. Wakikupa kikaratasi cha namba, kaa nacho wewe. Mimi na majibu ya kwenye simu hatuelewani."

"Mnono hivi unampima nini? Hebu yaone mafuta hayo."

"Ugonjwa huingia kabla mnyama hajakonda. Wanasema hakuna mtu aliyewahi kuugua kwa kumla mwenye nao. Haya, sawa. Ila mimi sitaki kuwa wa kwanza."

Delbert alicheka mpaka akakohoa. Verlyn alicheka kidogo tu.

Basi asubuhi ile ya hereni, Verlyn aliendesha pikapu yake mjini, akapita kituo cha mafuta, akafika ofisi ya mifugo. Binti wa mapokezi aliisoma hereni, akaandika.

"Ni hiki kimoja tu?"

"Kimoja tu."

"Pole sana, Bwana Kubiak. Najua mnavyowapenda."

Pole ile ilimchoma kuliko ambavyo tusi lingemchoma. Akaondoka bila kuaga.

Wiki mbili hakupata usingizi wa maana. Mchana dada yake Marlys, mke wa Delbert, hakumpa nafasi kwa simu.

"Kaka, majibu yetu vipi? Ijumaa mama anatimiza themanini na nne. Amesema keki tukale wenyewe, yeye anataka nyama ya kulungu. Mama unamjua."

"Bado, Marlys."

Alhamisi akapiga tena. "We Verlyn, usiniambie umekipoteza hicho kikaratasi! Nyama nisipoitoa kwenye friza leo, kesho nitapika barafu. Sema, tunakula au hatuli?"

Verlyn aliyakumbuka yale mafuta, meupe, unene wa kidole.

"Kuleni. Safi."

"Sasa hilo ndilo la kuniweka roho juu siku zote hizi?" Marlys akakata simu akicheka.

Ijumaa jioni walikaa mezani: mama, Marlys, Delbert na watoto wao watatu, na Verlyn mwisho wa meza karibu na mlango. Nyama ilikuwa imeiva na vitunguu mpaka inaachia mfupa yenyewe.

"Meno yangu ni ya kununua," mama alisema, "lakini hii naila hata kwa fizi. Lete tena."

"Shemeji, mbona unadonoa kama kuku mgeni?" Delbert akamtupia kipande kwenye sahani. "Kula bwana, mnyama tumemchuna wote."

Simu ya Verlyn ikaita. Alisimama, akaipokelea mlangoni.

"Bwana Kubiak, samahani kwa kukupigia saa hizi," alisema daktari wa mifugo. "Namba kumi na saba amekutwa na ugonjwa. Tutakuja Jumatatu kwa kundi zima. Pole sana."

Verlyn aliegemea ukuta. Meza yote ilikuwa inamtazama.

"Ni kulungu wangu," alisema. "Jike wangu alikuwa na ule ugonjwa. Wote wanauawa."

Marlys alijiziba mdomo. Delbert alitikisa kichwa taratibu.

"Maskini shemeji. Angalau huyu wetu ulimpima, tukajua yuko safi."

"Njoo ukae, mwanangu," mama alisema, akimsogezea kiti. "Njoo ule kwanza."

Verlyn alibaki mlangoni. Jike wake namba kumi na saba alikuwa shimoni nyuma ya banda tangu siku aliyokufa, mzima mzima, kichwa chake bado kiko shingoni. Hereni yake, Verlyn aliibana kwenye sikio la yule jike mnene wa Delbert, ambaye sasa, kwenye sahani ya mama, alikuwa amebaki mfupa tu.