Kiti cha Kakakuona

Simba alipokuwa bado na meno yote, alimfanya Kakakuona waziri wake, kwa sababu kila ulipozuka ugomvi barazani Kakakuona alijikunja kama mpira akanyamaza. Basi Simba alipotaka hakimu asiyemsumbua, akampa yeye kiti.

Kesi ya kwanza ikawa ya Swala. Alimshtaki Simba mwenyewe: amezuia kisima, na mwanawe anakufa kwa kiu.

"Kumbuka aliyekukalisha hapo," Simba akanguruma.

"Nakumbuka, Mtukufu," akasema Kakakuona. "Kisima ni cha wote. Swala na anywe."

Baraza zima likashusha mikia. Desturi ya mbuga ilijulikana: hukumu haifutwi ila kwa kinywa kilichoitoa. Simba akamrukia hakimu. "Ifute."

Kakakuona akajikunja, magamba nje, kinywa kikazama tumboni. Simba akamviringisha, akamuuma, akamparura mpaka kucha zikamkatika. Mpira haukufunguka. Nyuma ya Simba, kisimani, Swala na mwanawe walikuwa wakinywa.

Fisi, tarishi wa baraza, akanong'ona, "Lakini si ni wewe uliyempa kiti, Mtukufu?"

"Kiti nilimpa," Simba akasema huku akihema. "Magamba alizaliwa nayo."